Salamu Nje ya Mlango: Kumuaga Mwinshehe Majaliwa, Msimamizi wa Vumbi

Bwana Mwinshehe Majaliwa amekitumikia kiwanda chetu cha chokaa kwa miaka thelathini na moja, tangu mwaka 1926, na leo Jumamosi, tarehe 29 Juni 1957, anastaafu akiwa na macho mawili yanayoona na kifua kisichokohoa. Asiyeijua kazi ya chokaa atasema hayo si mambo ya kuandikwa. Angekuja kusimama hapa asubuhi moja tu ya mwaka ule wa 1926, angenyamaza.

Karani alitaka kuuandika yeye wasifu huu. Tumemkatalia, maana alikuja hapa vumbi limekwisha, atajua nini? Mimi ni Mwaija binti Bwanausi, mchekechaji. Nilikuwa hapa kabla ya Mwinshehe na bado nipo. Skuli sikwenda. Mimi nasema, karani anaandika, na nimemkataza kunipambia maneno.

Kwa wageni wetu mliopanda lori kutoka Msata, kazi yetu ni hivi. Mawe ya pwani huchomwa tanurini mpaka yaive, kisha huzimwa kwa maji yakavunjika kuwa unga. Unga ukikauka husagwa kwa mashine, ukashuka kwenye bomba la bati, ukaingia guniani. Hapo penye kushuka ndipo palipokuwa na balaa. Bomba liliishia juu, gunia liko chini, na katikati palikuwa hewa tupu. Chokaa ikifika hapo hewani haikukubali kwenda yote guniani. Nyingine ilijiendea inakotaka.

Siku hizo mtafuna tambuu alikuja kazini na jani na popoo tu. Chokaa aliipata kwa kufungua kinywa. Wanaume walirudi kwao weupe hata kope. Mke mmoja wa Makurunge alimwandalia chakula mwanamume asiye wake, akamkunia na nazi, mpaka mgeni aliposhiba akanawa uso, ndipo kelele zikaanza. Tulicheka, ndiyo. Lakini wanaume wa penye bomba tuliwazika wakiwa bado na meno yao yote.

Mwenye kiwanda, Bwana Himid bin Hamed, hakukerwa na vifua vyetu. Namheshimu, na yuko hapa mbele anasikia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Waliomkera ni majirani. Chokaa yake iliruka ukuta ikatua kwenye nyumba zao, mvua ikanyesha, kuta zikatoka nyeupe kama zimepitiwa na fundi. Mtaa mzima uling'aa kwa mali yake na hakuna aliyenunua hata kibaba. Akasema anamtaka mtu wa kulikamata vumbi. Mwinshehe alikuwa amekuja kuomba kazi ya kupakia magunia. Akaulizwa kama anaweza kukamata vumbi, akasema anaweza. Kijana asiye na kazi ukimuuliza kama anaweza kuzaa, atasema anaweza.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuziba madirisha yote. Vumbi halikutoka tena. Bwana Himid alifurahi sana, maana yeye alikuwa nje. Sisi wa ndani hatukuonana. Nilikaa nusu siku nachekecha chokaa isiyopungua, nikadhani nimerogwa, kumbe tulikuwa wawili tumekaa uso kwa uso: ninayoichekecha mimi nammwagia mwenzangu, anayoichekecha yeye ananimwagia mimi.

Jambo la pili akaleta maji. Alinyunyiza sakafu, akanyunyiza kuta, na kwa bidii yake akanyunyiza na lile lundo lililotoka tanurini, ambalo lilikuwa halijazimwa. Chokaa ya namna hiyo ikiguswa na maji huchemka. Lundo likanguruma, likapasuka, likafuka moshi kama jini anataka kutoka, na watu wakakimbia mpaka minazini. Kulipotulia tukarudi, tukaona joto lote lile linapotea bure, tukabandika sufuria la mihogo. Mihogo iliiva vizuri mno. Vumbi tulilikuta palepale.

Baada ya mihogo Mwinshehe aliacha kufanya mambo. Aligeuza debe, akalikalia, akawa anatazama. Bwana Himid alimuuliza analipwa kwa kukaa? Akajibu kwamba anatafuta vumbi linakozaliwa, na huwezi kumtafuta mtu huku unakimbia. Alipoinuka pale alikuwa amejua mawili. Vumbi huzaliwa chokaa inapoanguka kutoka juu, na huzaliwa chokaa inapopigwa.

Basi tukaambiwa gunia halitupwi, linalazwa kama mtoto aliyekwisha sinzia. Ufagio mkavu akaufukuza kabisa. Sakafu tukaifuta kwa usumba wa nazi uliochovywa maji ukakamuliwa, na magunia matupu tukayakung'utia nje, upepo ukiwa mgongoni. Kila mtu alifunga kinywa na pua kwa kitambaa kibichi. Wanaume hawakuwa na vitambaa, wakafunga kanga za wake zao, na wake zao wakaja mpaka hapa mlangoni kuzidai. Mpakiaji mmoja, mkubwa kama kabati, alifanya kazi mwezi mzima amefungwa kanga ya maua mekundu, na ilimpendeza kuliko mkewe mwenyewe.

Lile pengo la chini ya bomba ndilo lililobaki. Na hapo, jamaa, ndipo kanzu ilipoingia.

Mwinshehe alikuwa ameposa. Binti aliyemposa ni Zaina, na baba yake Zaina ni Mzee Sadallah, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mshika gunia, pale pale penye bomba. Posa ilikwisha kubaliwa. Kanzu ya harusi ilikwisha shonwa, bafta nzito, na tarizi shingoni. Siku moja Mwinshehe akaja nayo kazini kwapani. Akapanda ngazi, akalifunga kosi la kanzu kwenye mdomo wa bomba kwa kamba, upindo wa chini akauingiza ndani ya gunia. Chokaa ikashuka ndani ya kanzu, polepole, imefichwa, hadi guniani. Mikono alikuwa ameisahau. Ilitema chokaa kulia na kushoto mpaka akapanda tena kuifunga kamba penye viganja.

Ikawa nzuri. Tena ikawa ya kutisha. Mashine ikiwaka, kanzu ilijaa upepo ikasimama kama mtu mnene asiye na kichwa, ikainua mikono, ikaishusha. Kuna mzee mmoja alikuja kununua chokaa akaitolea salamu, akangoja kujibiwa, akaondoka na hasira akisema watu wa kiwandani wana kiburi. Hata leo tunatumia kanzu. Fundi cherehani amekataa katakata kuishona bila tarizi, anasema jina lake litaharibika mjini, na kila tukiagiza mpya huuliza kama bwana yule hajapungua.

Kanzu ilikuwa na shida moja. Upindo wake ulitaka kushikwa na mikono miwili, ukakazwa juu ya mdomo wa gunia, na usiachwe mpaka gunia lijae. Mshikaji alikuwa Mzee Sadallah, na Mzee Sadallah ni mtu wa salamu. Nyote mnatujua sisi watu wa huku. Hapiti mtu kwa mtu bila kupeana mkono, na mkono peke yake hautoshi, lazima uulizwe habari za nyumbani, za watoto, za mama yako, za yule aliyekuwa anaumwa, za paa linalovuja. Kila aliyeingia alimwamkia Mzee. Kila alipoamkiwa Mzee aliachia upindo, akatoa mkono ubusiwe, akafungua kinywa akaitikia. Na kila alipoachia, wingu likatoka likatufunika sote.

Mwinshehe alirudi kwenye debe lake akatazama tena. Akaja kwangu akiwa amenyong'onyea. Akaniambia kwamba vumbi lililobaki halitoki kwenye mashine, linatoka kwenye shikamoo.

Nilimwambia anyamaze, aliache hilo liwe siri yake na Mungu wake. Hakuniacha nimalize. Akajenga kibanda cha makuti pale nje ya mlango, akatangaza sheria. Salamu zote kibandani. Ukivuka mlango kinywa kimefungwa, humwamkii mtu, huitikii, hutoi mkono. Ambaye salamu yake haijakwisha asiingie, aimalize kwanza.

Mungu wangu, maneno tuliyoyasema. Tulisema kijana huyu amelelewa na nani. Wengine walisema salamu ni haki ya mtu, haiwezi kuwekwa kibandani kama makubadhi. Lakini tulitii, kwa kuwa Bwana Himid alikuwa amekwisha ona magunia yanajaa zaidi. Tulisalimiana pale kibandani kwa kina ambacho hata msibani hakipo, mpaka ikabidi kugongwa chuma ili tuingie kazini.

Asiyetii alikuwa mmoja, naye ni baba mkwe.

Siku ya kwanza ya sheria Mzee Sadallah alikuwa ndani, ameshika upindo. Mwinshehe akapita mbele yake. Sote tulitazama. Kijana hakusema shikamoo. Alitikisa kichwa kidogo, kwa adabu kadiri kichwa kinavyoweza kuwa na adabu, akapita. Mzee alisubiri mashine izimwe mchana, akatoka, akasema mbele ya watu: "Amenitikisia kichwa. Mimi mbuzi? Mkwe asiyeniamkia, mimi sina."

Posa ikavunjika hapo hapo.

Mwinshehe alifanya kila awezalo kumwamkia nje. Alikwenda nyumbani kwake, Mzee akatokea uani. Alimngoja kibandani asubuhi, Mzee akawa anafika kabla yake na kuingia moja kwa moja kwenye bomba, akitaka aamkiwe palepale alipodharauliwa. Mwinshehe akawahi zaidi. Mzee naye akawahi zaidi. Walishindana hivyo mpaka muadhini akalalamika kwamba wale wawili wanampita njiani kabla hajaadhini, na hajui tena kama amechelewa yeye au wamechanganyikiwa wao. Jioni Mzee alibaki ndani mpaka kiwanda kitupu. Alikuwa tayari kulala na ile kanzu kuliko kuamkiwa nje.

Tulimshauri kijana avunje sheria mara moja tu. Shikamoo moja, itakwisha, ataoa. Nilimwambia mimi mwenyewe, na sikumwambia kwa upole. Nilimwambia Zaina hatamngoja akiwa amekalia debe. Akanijibu, na haya ni maneno yake: "Bi Mwaija, nikimwamkia ataitikia. Akiitikia atafungua kinywa. Na mkiona mimi nimeruhusiwa, kesho wote mtamwamkia. Umewazika wangapi waliosimama pale? Mimi nataka mkwe aliye hai, hata akinichukia."

Ilinibidi niondoke, nikachekeche.

Jioni ile Zaina akaja kwangu. Hakulia, si wa kulia yule. Aliniuliza kama ni kweli kwamba anakosa mume kwa ajili ya mtikiso wa kichwa. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia pia kwamba kesho chakula cha baba yake akilete yeye mwenyewe, wakati mashine inawaka, aingie ndani, amwamkie baba yake kama msichana aliyelelewa vizuri. Zaidi ya hapo sikumwambia, na hakuhitaji zaidi.

Akaja. Alikuwa na bakuli la wali na samaki kichwani, limefunikwa kawa. Mashine inanguruma, kanzu imevimba, imeinua mikono yote miwili. Gunia limefika nusu, Mzee Sadallah ameinama ameshika. Zaina akaweka bakuli chini, akapiga magoti karibu kabisa na mdomo wa gunia, uso wazi, macho wazi, akanyoosha mikono kuupokea mkono wa baba yake. Akasema, tena kwa sauti ya kushinda mashine: "Shikamoo baba."

Mkono wa Mzee ulianza kwenda wenyewe. Ni mazoea, hata mimi wangu ungekwenda. Kidole kimoja kikanyanyuka, na hapo penye kidole ikatoka pumzi moja ya chokaa, nyembamba, ikaelekea kwenye macho ya mtoto wake. Mzee akakirudisha kidole. Akakaza upindo kama anamnyonga mtu. Akafungua kinywa, akakifunga. Zaina bado amepiga magoti, anangoja, na wali unapoa.

Mzee Sadallah akatikisa kichwa.

Hakuna aliyecheka, vinywa vilikuwa vimefungwa. Lakini nilikiona kiwanda kizima kinatikisika mabega, na yule mwenye kanga ya maua mekundu ilibidi alishike gunia ili asianguke. Zaina akainuka, akatoka taratibu hadi kibandani. Huko ndiko alikofungua kinywa, na sote tulimsikia, kwa kuwa Mzee alikuwa amekwisha mwashiria fundi kwa kichwa azime mashine: "Baba leo amenitikisia kichwa. Sijui amenifanya mbuzi, au ananipenda."

Mzee alikung'uta mikono. Akatoka, akakaa kibandani, akamwambia binti yake aende nyumbani. Kisha akasema aitwe yule mtu wa vumbi.

Mwinshehe alifika amefunga kitambaa chake. Akakifungua, akapiga goti, akasema shikamoo. Mzee alimtazama mpaka sisi tuliokuwa mlangoni tukaona aibu kutazama.

"Marahaba," akasema. "Lakini hiyo ni ya nje. Ya ndani bado nakudai. Siku utakayoacha kazi hii, mashine ikiwa imesimama, utaingia, utaniamkia palepale uliponipita, nami nitaitikia kwa sauti yangu yote, wote wasikie."

Mwinshehe akamwambia, baba, hiyo ni miaka mingi.

"Basi hiyo ndiyo kazi yako," Mzee akasema. "Uhakikishe siku hiyo nina kifua cha kuitikia."

Walioana baada ya mfungo. Bwana harusi alivaa kanzu ya kuazima, fupi, kwa sababu ya kwake ilikuwa kazini.

Tangu hapo Mwinshehe hakupumzika, na mengine aliyoyafanya mnayajua kwa kuwa mnayatumia kila siku. Alilishusha bomba mpaka likaribie gunia. Aliuviringishia upindo pete ya chuma yenye kamba, ili usishikwe tena na mikono ya mtu, na akamtoa Mzee pale penye bomba kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliweka mitungi ya maji safi kila pembe ya kunawia macho, na ole wako ukikutwa umeyachota kunywa. Alitukataza kurudi nyumbani na nguo za kazi. Mashine ilipowekewa feni ya kuvuta vumbi, mwaka 1951, waliileta watu wa Dar es Salaam na kelele nyingi, na kwa muda wa wiki ikawa inamvuta yule bwana wa tarizi mpaka akawa mwembamba kama mgonjwa. Mwinshehe akamfungia mkanda kiunoni. Mpaka leo bwana yule anavaa mkanda.

Kazi yake nzuri ilituletea ugomvi pia. Majirani walikuja hapa, ujumbe mzima, wamevaa kofia zao za Idi, kulalamika kwamba nyumba zao zimeanza kuwa nyeusi. Walitaka kujua wamekikosea nini kiwanda. Bwana Himid alitoka akawapokea kibandani, akawasalimia salamu ndefu, akawauzia chokaa. Nadhani ndiyo siku alipoanza kumpenda Mwinshehe.

Naye Mzee Sadallah? Amezeeka mno. Miguu inamsumbua, masikio yamekwenda, majina ya watu anayasahau. Zaina ananiambia kila jioni humwekea baba yake sikio mgongoni akasikiliza, halafu humgeukia mumewe akamwambia pako safi, wakaenda kulala. Kwa ajili ya shikamoo moja ya mzee mmoja mkaidi, sisi wengine wote tumepona. Tangu pete ile iwekwe sijamzika mtu wa bomba. Wanazeeka, wanaota mvi halisi, wanawaudhi wake zao kama wanaume wengine.

Sasa, Mwinshehe, naacha kuwaambia watu habari zako, nakuambia wewe. Wenzako wote wa kiwandani, wa tanuri, wa mashine, wa magunia na sisi wa chekeche, tunakushukuru kwa kila pumzi, na si maneno ya sherehe, ni pumzi kweli. Ukae vizuri na Zaina wako, ule ushibe, ulale mchana, uvute hewa kwa pua na kinywa upendavyo. Na usije hapa kutazama kama tunalaza magunia. Tunalaza.

Karani akimaliza kusoma hapa, fundi atazima mashine. Mzee Sadallah yuko ndani. Ameletwa na mjukuu wake, amekataa kiti, amesimama penye bomba, ameshika upindo wa kanzu kwa mikono miwili ingawa hauhitaji kushikwa, na kinywani hakufunga kitu. Sisi wengine tutabaki huku kibandani, maana sheria yako haijafutwa, na anayeruhusiwa kuivunja leo ni wewe tu.

Nenda, baba. Useme kwa nguvu. Masikio yake hayapo tena, lakini kifua chake kipo.